Kwale Anapiga Hodi Tangu Januari

Usiku wa jana niliota nimeshtakiwa na kopo la rangi.

Kabla hamjacheka, ngoja nieleze hilo kopo lilifikaje chumbani kwangu. Mimi ni Mwalimu Eliwaza, mwalimu wa Hisabati, mzaliwa wa Upare, na kazi naifanyia huku Ugogoni kwenye vumbi. Muziki sikuuomba. Siku walimu walipokaa kikao kugawana masomo, mimi nilikuwa hospitali nang'olewa jino, na shuleni kwetu asiyehudhuria kikao ndiye anayeangukiwa na kilichobaki. Nikarudi shavu limevimba, nikaambiwa, "Hongera Madam, umepata muziki, darasa la nne." Sikuweza hata kubisha. Mdomo ulikuwa umejaa pamba.

Basi nikafundisha muziki kama ninavyofundisha kugawanya. Tulitengeneza mazeze: kopo tupu la rangi, mpini wa mti, nyaya mbili za breki ya baiskeli, na upinde wa nyuzi za katani. Upinde ukiusugua kwa utomvu wa mti, unashika waya na zeze linalia. Usipousugua, unateleza tu, kimya. Nikachagua wimbo mmoja niliojifunza chuoni, wimbo wa kwale. Nusu ya kwanza, kwale mwenye kiu anatembea juani hadi kisimani, anapiga hodi mara tatu. Nusu ya pili, mwenye kisima anasema karibu, anateka maji, kwale anakunywa. Umeisha. Wimbo wa watoto.

Juu ya ubao nikaandika kanuni yangu kwa herufi kubwa: UKIKOSEA, RUDI MWANZO. Kwenye Hisabati ukikosea mstari wa pili, mistari yote ya chini ni takataka. Nikaona muziki nao utakuwa hivyo hivyo, kwani una nini cha ajabu?

Sasa mle darasani kuna binti anaitwa Sechelela. Mdogo wa mwili, ana haraka ya mtu aliyeacha chungu jikoni. Kila tukifika hodi ya tatu, kidole chake kinawahi. Hodi, hodi, halafu kiii! "Rudi mwanzo!" nasema mimi, na darasa zima linaguna linarudi mwanzo. Tangu Januari hatujawahi kuvuka hodi ya tatu. Nusu ya pili watoto hawajaisikia hata kwa bahati mbaya. Ningewafundishaje ya pili na ya kwanza haijanyooka?

Na leo ndiyo Siku ya Wazazi. Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Chidawali, alishatangaza: zeze likikwaruza hata mara moja mbele ya wageni, kipindi cha muziki kinafutwa na makopo yanakwenda kupandiwa miche ya mipapai. Jana mchana akaniita pembeni, akanikabidhi kichupa cha mafuta ya alizeti.

"Madam, upinde wa yule mtoto upake haya," akasema kwa sauti ya chini. "Atavuta weee, hakuna atakayemsikia. Na huo wimbo uishie hapo kwenye hodi. Wazazi wanajua una nusu ngapi? Watapiga makofi, tutakunywa soda, tutakwenda nyumbani."

Sikukubali, lakini sikukataa. Nikachukua kichupa. Nikamwambia Sechelela aniachie zeze lake nilikague, alifuate kwangu asubuhi. Akanipa, akauliza swali analouliza kila siku ya Mungu: "Madam, nitacheza?" Nikamwambia atacheza. Na njiani, kana kwamba haikutosha, nikakutana na bibi yake anayemlea, ametoka kwa fundi na gauni jipya la kitenge. "Kesho nakuja kumsikia mjukuu wangu," akanifahamisha. Nikasema, "Karibu sana, bibi." Nikaenda nyumbani, nikaweka zeze na kichupa mezani, nikasema nitapaka alfajiri. Nikalala.

Kopo likakohoa.

"Madam Eliwaza," likasema. "Kaa kitako. Una kesi."

Nikatazama. Ni lile zeze la Sechelela, limesimama juu ya meza, lebo yake imebanduka upande mmoja.

"Kesi gani?" nikauliza. "Mimi kesho nina kazi."

"Kesi hiyo hapo," likasema, likanyoosha upinde kuelekea kile kichupa. Kichupa kikageukia ukutani kwa aibu. "Mimi nilizaliwa kopo la rangi, Madam. Lita nne, rangi ya maziwa. Nimepaka ofisi ya kata mbele na nyuma, na watu wakasifu. Sijawahi kudharauliwa namna hii."

"Sijakupaka bado."

"Umekusudia. Kwetu sisi makopo, aliyekusudia na aliyepaka wanakaa benchi moja."

Nilikuwa na la kujibu, mimi sikosi la kujibu, lakini kitanda changu tayari kilikuwa mstarini shuleni. Sikuona tulipopita. Shule nzima imesimama kwa madarasa, nami nimevaa gauni la kulalia. Hakuna aliyeshangaa. Kiranja mmoja aliniambia tu ninyooshe mstari.

Ubao wa darasa la nne umeletwa nje, umeegemezwa kwenye mlingoti wa bendera, na kanuni yangu iko juu yake. Zeze likatangaza kwamba kuanzia saa hiyo kanuni ya Madam inatumika kata nzima, kwa watu, wanyama na mboga.

"Vizuri," nikasema. "Kanuni ile inaleta nidhamu."

"Tutaona," likasema zeze.

Mwalimu Mkuu anapanda jukwaani. Anasafisha koo. "Ndugu wazazi," anasema, "kwa niaba ya walimu wote, nawashukuru sana kwa kutofika."

Alitaka kusema kwa kufika. Lakini kosa ni kosa. Suruali yake ikaanza kupanda miguuni mpaka ikawa kaptula. Tai yake ikawa leso iliyobanwa kifuani kwa pini. Akashuka kimo, akashuka, mpaka akawa chini ya meza, na alipotoka huko alikuwa mtoto wa chekechea, kamasi mbili, kikombe cha uji mkononi. Kipara tu ndicho kilichobaki kama kilivyokuwa.

"Nataka mama," akasema.

"Vumilia, Mwalimu Mkuu," nikamwambia. "Ndiyo utaratibu."

Jikoni mpishi akazidisha chumvi kwenye maharage. Maharage yakatoka sufuriani moja moja, yakapanga foleni, yakaenda shambani, yakajifukia, yakaota, yakatoa maua. "Tutakula lini?" wanafunzi wakauliza. "Yakikomaa," akajibu mpishi, akakaa chini akashika tama. Jogoo wa jirani akawika saa isiyo yake, akawa yai. Yai likaviringika mpaka miguuni kwangu, likasema, "Ahsante sana, Madam." Lilikuwa linanikejeli. Najua sauti ya kejeli, nafundisha darasa la saba.

Nikaona mambo yanaharibika. Nikapanda jukwaani mwenyewe niwatulize watu kwa kitu ambacho siwezi kukikosea.

"Jamani, tulieni!" nikasema. "Tuhesabu wote pamoja. Saba mara nane, hamsini na nne!"

Loo! Ulimi wangu mwenyewe! Hamsini na sita naijua hata nikiamshwa usingizini, na pengine hapo ndipo penye tatizo, maana hakuna aliyeniamsha.

Niko Upare. Niko mgongoni kwa mama yangu, nimefungwa kwa kanga, lakini mwili ni huu huu wa Madam, miguu inaburuta chini. Mama anapalilia tangawizi.

"Eliwaza," anasema bila kugeuka, "mbona leo umekuwa mzito? Na hiyo miwani nani kakupa?"

"Mama, nimekosea saba mara nane. Nimerudishwa mwanzo."

"Na nani?"

"Na mimi mwenyewe. Ni kanuni yangu."

Mama akaacha jembe. "Wewe mtoto una nini? Ulipojifunza kutembea ulikuwa unaanguka kutwa nzima. Ungekuwa unarudi tumboni kila ukianguka, mimi leo ningekuwa na hali gani?"

Mama akafungua kanga, akanishusha, akaendelea kupalilia. Nikakua harakaharaka, maana kulikuwa na kazi. Nikaota meno, nikafanya mtihani wa darasa la saba, nikaenda chuo, nikang'olewa lile jino tena, na safari hii bila ganzi. Nikatokea shuleni shavu limevimba upya.

"Hodi," sauti ikasema langoni.

Kwale amesimama pale. Amevaa kandambili, vumbi mpaka magotini, mdomo umekauka. Akanisalimia kwa adabu.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye kwale wa wimbo. Wa darasa la nne." Akavua kandambili moja, akamwaga mchanga. "Nakwenda kisimani tangu Januari, Madam. Nikifika napiga hodi, hodi, halafu nasikia kiii, na wewe unasema rudi mwanzo. Najikuta tena nyumbani navaa kandambili. Sijui nimekosa nini. Nina kiu."

Alisema bila hasira, na hapo ndipo aliponichoma. Angenitukana ningejua la kumfanya.

"Pole sana," nikasema. "Lakini kesho hutarudi mwanzo. Wimbo utaishia kwenye hodi."

"Nibaki mlangoni?"

"Utapigiwa makofi."

Kwale akafikiri. "Makofi yananyweka?" akauliza.

Zeze likacheka mpaka nyaya zikatetema. Mimi sikucheka. Nikawaita darasa la nne wachukue mazeze yao, nikasema tumpeleke huyu ndege kisimani, tumalize.

Uwanja wa shule sasa ni barabara ndefu nyeupe, jua la saa nane. Kwale yuko mbele, anatembea kwa kufuata tunavyopiga. Tukipiga polepole anakokota miguu, tukichangamka anakimbia mpaka kandambili inamtoka. Sechelela yuko mstari wa kwanza na zeze lake. Mwisho wa barabara kuna kisima, kimejengewa kijumba cha mawe chenye mlango wa mbao. Kando ya kijumba wazazi wameshakaa kwenye mabenchi, na bibi yake Sechelela yuko benchi la mbele na gauni lake la kitenge.

Tunafika mlangoni. Hodi, inalia. Hodi. Kisha kidole cha Sechelela kinawahi. Kiii!

"Rudi mwanzo," nikasema. Sikukusudia, mdomo umezoea.

Barabara ikajikunja kama mkeka, sisi wote ndani yake, ikaenda ikatukunjulia shuleni. Nikatema vumbi. Kwale alikuwa ameinama anavaa kandambili.

Tukaenda tena. Hodi, hodi, kiii! Barabara ikatukunja. Tukaenda tena. Safari hiyo, kabla sijafungua mdomo, nilisikia mtu ndani ya kijumba akiinuka, ndoo ikigonga mawe.

"Nani huyo?" akauliza mtu wa ndani. Sauti ya furaha kabisa, ya mtu aliyengoja wageni.

Nilitaka kumjibu, lakini mkeka ulishatukunja. Nikamsikia kwa mbali akisema peke yake, "Wamekwenda tena," akaweka ndoo chini.

Jamani, mimi nimelelewa na watu. Kwetu mtu akipiga hodi anaitikiwa, hata kama ndani hakuna kitu cha kumpa. Na mwenye nyumba akiitika, wewe uliyepiga hodi unangoja, huondoki. Nami nimewafundisha watoto wa watu kupiga hodi na kukimbia, mwaka mzima, kama wahuni.

Mtu akanivuta gauni. Ni Mwalimu Mkuu, uji umemganda kidevuni, ameshika kile kichupa cha mafuta kwa mikono yote miwili.

"Paka," akasema. "Paka, Madam. Nataka soda."

Nilikuwa nimechoka, vumbi limenijaa puani. Nikapaka. Nikachukua upinde wa Sechelela, nikaupaka mafuta mwanzo hadi mwisho, nikamrudishia, na yeye akasema, "Ahsante, Madam."

Tukaenda. Sechelela anavuta, zeze lake halitoi kitu. Hodi, hodi, hodi, safi kabisa, hakuna kilichokwaruza. Watu wakaanza kupiga makofi.

Lakini yale mafuta hayakuishia kwenye upinde. Miguu ya Sechelela ikatembea kwenye kokoto na kokoto hazikulia. Akapiga chafya, haikusikika. Akafungua mdomo kuniambia kitu, hakikutoka kitu. Akasimama pale katikati ya wenzake, mdomo unakwenda, mkono unavuta, na makofi yanapigwa juu yake.

Bibi yake akasimama benchini.

"Mwalimu," akaniita, "mbona simsikii mjukuu wangu?"

"Yuko pale bibi, mstari wa kwanza. Anavuta."

"Kuona namwona. Nimekuja kumsikia." Akalitazama gauni lake jipya, akanitazama mimi. "Amekosa nini?"

"Hajakosa kitu, bibi."

"Sasa nani kamzima?"

Makofi yakanyamaza. Sechelela akanigeukia. Sauti haikutoka, lakini midomo niliisoma, maana maneno yenyewe nayasikia kila siku: Madam, nitacheza?

Niliona haya. Nasema wazi, niliona haya mpaka nikakaa chini kwenye vumbi na gauni langu la kulalia mbele ya wazazi wote, nikalia. Yai likaviringika kando yangu, halikusema kitu. Hata lenyewe liliona si wakati wake.

"Ukimaliza kulia," likasema zeze, "utomvu uko mfukoni mwako."

Gauni langu la kulalia halina mfuko. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa donge la utomvu, la njano, linanata. Nikaushika upinde, nikaufuta mafuta kwa pindo la gauni, nikausugua, nikausugua tena mpaka mikono ikanigandamana. Nikavuta waya mara moja. Zeze likalia mpaka shamba la maharage. Papo hapo Sechelela akapiga ile chafya yake iliyokuwa imechelewa.

"Afya," wakasema watu wote.

"Bado huo," likasema zeze, likauonyesha ubao, ambao ulikuwa umetufuata kwa miguu yake na sasa umesimama mbele ya mlango wa kisima, umeuziba.

"Ule hauhusiani," nikasema. "Ile ni kanuni. Ukikosea mstari wa pili, mistari ya chini yote ni takataka."

"Mstari wa chini kuna nini?"

"Kuna jibu."

"Na kwenye wimbo mstari wa chini kuna nini?"

Nikamtazama kwale. Alikuwa amekaa kivulini mwa ubao, mdomo wazi, ulimi hauna mate.

"Kuna maji," nikasema.

"Kosa moja haliachi mke, Madam," likasema zeze.

"Mimi si mke wako."

"Ndiyo maana nakuvumilia."

Nikatafuta dasta, haikuwapo. Nikavuta mkono wa gauni, nikaanza kufuta. Herufi zikalalamika. Ile U ya kwanza ikaniuliza tangu Januari iko pale, sasa inafukuzwa iende wapi? Nikaiambia iende ikaandike uji, Mwalimu Mkuu anausubiri. Zikashuka moja moja, zikaondoka zinanung'unika. Nilipofuta ya mwisho, ubao ukakaa chini wenyewe na kuhema.

"Sechelela," nikasema. "Piga."

"Nikikosea je, Madam?"

"Piga tu, mwanangu."

Anapiga. Hodi. Wenzake wanamfuata. Hodi. Mimi nimefumba macho. Kidole kinawahi, kama kawaida. Kiii!

Mdomo wangu ukafunguka. Nikauziba kwa mikono miwili, na kwa ule utomvu mikono ikagandia mdomoni. Nadhani ndiyo mara ya kwanza tangu niajiriwe kunyamaza mbele ya kosa. Lile kosa likaanguka chini mbele ya Sechelela, likakaa pale. Lilikuwa dogo sana. Mimi nilidhani lingekuwa kubwa. Sechelela akaliangalia, akanyanyua mguu, akaliruka, akavuta upinde akaenda mbele.

Mbele huko sijamfundisha. Akavuta tu.

"Karibu!" mtu akajibu ndani, na mlango ukafunguka kwa pupa.

Akatoka mwanamume mrefu, amevaa koti la harusi lililomwagikiwa majimaji, ndoo mkononi.

"Karibuni, karibuni wageni," akasema. "Nimevaa koti hili tangu Januari. Kila nikisikia hodi nasimama, nikifika mlangoni hakuna mtu. Mke wangu anasema nasikia mambo." Akafuta macho kwa mkono wa koti. "Nani kiongozi wa msafara?"

Watu wote wakaninyooshea kidole. Nilikuwa bado nimejiziba mdomo.

"Ndiye mwalimu," akasema Sechelela. "Ana jino."

Mwenye kisima akateka maji, kamba inalia kwenye gurudumu, na lile gurudumu lililia nusu ya pili ya wimbo, yote, bila kukosea. Watoto wakaidaka hapo hapo kwa mazeze yao. Kwale akapewa wa kwanza. Aliingiza kichwa kizima kwenye ndoo, tukaona mgongo wake ukipanda na kushuka, na bibi yake Sechelela akasema taratibu, "Kunywa, baba, kunywa, usipaliwe." Kisha akakaa akamsikiliza mjukuu wake, mikono ameiweka juu ya kitenge, akitikisa kichwa kila upinde ukivuta.

Kila aliyekunywa alirudi alipokuwa. Jogoo akatoka yaini. Mwalimu Mkuu akanywa, akarefuka, kaptula ikashuka mpaka viatuni, akabaki na leso kifuani. "Madam," akasema kwa sauti yake nzito, "naona kipindi kiendelee." Akajipangusa uji.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Mwenye kisima akanimwagia maji mikononi, utomvu ukaachia, mdomo ukafunguka. Akajaza kikombe cha bati cha bluu, kimebanduka rangi mdomoni, akanipa kwa mikono miwili. "Karibu, Mwalimu." Nikakipokea. Nikasikia baridi ya bati kwenye midomo.

Nikaamka.

Kumekucha. Koo limenikauka kabisa. Zeze liko mezani pale pale, halisemi. Kichupa cha mafuta kiko kando yake, kimejaa. Mkono wa gauni langu ulikuwa mweupe kwa chaki, lakini sikujisumbua. Mimi ni mwalimu, chaki naikuta hata kwenye mboga.

"Hodi," mtu akasema nje.

Nikaketi kitandani.

"Hodi," akasema tena. Halafu, kwa haraka, kabla pumzi haijakaa sawa, "Hodi!"

"Karibu!" nikaitika, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Kuku wa jirani walikimbia. "Karibu mwanangu, ingia!"

Sechelela akaingia na sare iliyopigwa pasi, amepakwa mafuta usoni anang'aa. Akaamkia, nikaitikia. Akatazama zeze lake, akatazama kichupa. Nikakichukua kile kichupa mbele yake, nikamimina mafuta yote kwenye kikaango, nikakaanga mayai. Tukala wote wawili kwa mkate mpaka sahani ikawa nyeupe.

"Sikiliza," nikamwambia. "Leo tunapiga wimbo wote, mpaka mwisho. Asubuhi hii nitawafundisha nusu iliyobaki. Na ukikosea, usirudi mwanzo. Endelea mbele."

"Ndiyo, Madam," akasema. "Kama jana."

"Jana ipi?"

Alishanyanyuka, anaimba kwa pua, kwa chini, huku akipangusa zeze lake. Lilikuwa lile gurudumu la kisima, nusu ya pili yote, sauti moja baada ya nyingine, mpaka mwisho. Kisha akaenda kwenye mtungi wangu, akachota kikombe, akaja akanishikia kwa mikono miwili.

"Kunywa, Madam," akasema. "Yule baba mwenye koti alisikitika. Uliondoka kabla hujanywa."

Nikapokea. Nikanywa yote.